Kabla hujalaumu redio, pima umeme: kutafuta hitilafu za elektroniki na intaneti kwenye boti

Redio ya VHF inapokea vizuri. Unawasikia manahodha wengine, unaisikia bandari. Ukibonyeza kitufe cha kusema, kioo kinazimika, redio inajiwasha upya, na hakuna aliyekusikia. Wenye boti wengi hukata shauri hapo hapo kwamba redio imekufa. Hununuliwa nyingine, hufungwa kwenye waya ule ule, na haupiti muda ugonjwa unarudi.

Mara nyingi redio ya kwanza ilikuwa nzima. Kilichooza ni mita chache za waya na viungio viwili vitatu vilivyo kati yake na betri. Hiyo ndiyo sura ya sehemu kubwa ya hitilafu kwenye boti za pwani yetu, ziwe za uvuvi, za wapiga mbizi wa Mafia na Nungwi, au za kukodi zinazotia nanga Kilifi na Lamu: kifaa ni kizima, njia ya kukifikia ndiyo mbovu. Njia zenyewe ni tatu, ya umeme, ya antena na ya data, na zinachunguzwa kwa mpangilio huo. Umeme ukiwa mbovu, vipimo vingine vyote vinakudanganya.

Yanayofuata yanahusu boti ya mita 9 hadi 14 yenye mfumo wa volti 12. Vifaa vya kupimia ni multimita ya kawaida, mita kadhaa za waya mwembamba wa kurefushia ncha yake, tochi, na mtu wa pili wa kubonyeza swichi.

Umeme kwanza

Anza na betri ya vifaa ikiwa imepumzika angalau saa moja, haichajiwi wala haitumiki. Betri ya maji iliyojaa husoma karibu volti 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi. Ikifika 11.8 imekwisha, na kuiacha katika hali hiyo siku nzima ni kuifupishia maisha. Ya lithiamu, aina ya LiFePO4, haisomeki kwa namna hiyo. Hukaa kwenye 13.2 au 13.3 kwa muda mrefu kisha huporomoka ghafla, kwa hiyo inahitaji kipimo kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Sasa washa injini. Kwa betri ya maji, volti zipande hadi 14.2 au 14.4. Zisipopanda, tazama mkanda wa alteneta, kisha waya zake, kisha alteneta yenyewe.

Betri ikiwa salama, nenda nyuma ya redio. Pima volti pale waya unapoingia, mwenzako abonyeze kitufe cha kusema kwa sekunde mbili tatu, redio ikiwa kwenye wati 25. Tumia chaneli ya kazi iliyo tupu kama 72, si chaneli 16 ya dharura, na usitume kamwe antena ikiwa imefunguliwa, maana utaunguza kitumaji. Kipimo hiki lazima kifanyike kifaa kikiwa kazini, na sababu yake ni hesabu ndogo. Redio inayopokea hula karibu ampea 0.4. Ikituma kwa wati 25 hula 5 hadi 6. Kiungio kilichoota kutu na kufikisha ukinzani wa omu 0.1 kitapoteza volti 0.04 wakati wa kupokea, na hakuna atakayejua. Wakati wa kutuma, kiungio hicho hicho kinameza volti 0.6. Ndiyo maana redio hupokea siku nzima bila lawama na kuzimika pale unapoihitaji.

Redio nyingi za baharini zimetengenezwa kwa volti 13.8, kuongeza au kupunguza asilimia 15. Kwa maneno mengine, hazitaki kushushwa chini ya volti 11.7 hivi. Tuseme betri iko nusu, volti 12.2, na redio iko mita 10 kutoka kwenye betri. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 20 za shaba. Ukifunga waya wa 1.5 (unene wa shaba yake kwa milimita za mraba), utapoteza volti 1.4 wakati wa kutuma na redio itabaki na 10.8. Waya wa 2.5 unapoteza 0.84, unabaki na 11.36, bado pungufu. Waya wa 6 unapoteza 0.35 tu, na redio inapata 11.85. Wengi hucheka wakiambiwa wafunge waya wa 6 kwa redio ndogo kama ile. Hesabu haina mzaha. Kanuni inayofuatwa na mafundi wa boti ni kwamba vifaa vya usalama, yaani redio, taa za safari na GPS, visipoteze zaidi ya asilimia 3 ya volti njiani. Taa za ndani na feni zinaweza kuvumilia asilimia 10.

Ukishajua volti zinapotea, tafuta zinapotelea wapi. Hapa ndipo ule waya mwembamba unapofanya kazi. Unganisha ncha moja ya mita kwenye kichwa chanya cha betri, ncha ya pili kwenye waya chanya nyuma ya redio, kisha mwenzako abonyeze. Usomaji unaouona ndio upotevu wote wa upande chanya. Rudia kwa upande hasi, kuanzia kichwa hasi cha betri hadi waya hasi wa redio. Watu wengi hupima chanya peke yake, ilhali upande hasi ndio uliojaa viungio vya pamoja, vile vipande vya shaba vilivyokusanya waya kumi na viwili chini ya sitaha ambako hapafiki mtu. Ukiona upande mmoja unapoteza 0.7 na mwingine 0.1, sogeza ncha ya pili nyuma kituo kimoja kimoja: kutoka kwenye redio hadi kwenye swichi, kutoka swichi hadi fyuzi, kutoka fyuzi hadi betri. Pale usomaji unaposhuka ghafla kutoka 0.7 hadi 0.1, kiungio ulichokiruka sasa hivi ndicho mgonjwa wako.

Fyuzi nayo ipimwe hivyo hivyo. Weka ncha pande zake mbili wakati mzigo unakwenda. Sifuri au karibu na sifuri ni nzuri. Volti 12 kamili maana yake imekatika. Ukipata 0.3 au 0.4, fyuzi ni nzima lakini kishikio chake kimeota kutu, na ukikigusa utakikuta na joto. Fyuzi za kioo zinasumbua zaidi kwa hili. Fyuzi kuu ikae karibu kabisa na betri, ndani ya sentimita 18, kwa kuwa kazi yake ni kuulinda waya usiungue. Ukipachika fyuzi ya ampea 30 kwenye waya wa 1.5 kwa sababu ile ya 10 inakatika kila mara, umeutayarishia moto mahali pa kuanzia.

Na kwa nini viungio vinaoza upesi hivi? Chumvi hunyonya unyevu hewani. Punje iliyoachwa na rasharasha za Kusi haikauki moja kwa moja, na penye unyevu, chumvi na umeme, shaba ya upande chanya inaliwa. Ukikata waya na kuona nyuzi zimekuwa nyeusi au kijani, endelea kukata hadi uione shaba inayong'aa. Wakati mwingine weusi umepanda sentimita 20 ndani ya ganda, kwa sababu maji hupenya kati ya nyuzi. Ukibana kichwa kipya juu ya nyuzi nyeusi umeuficha ugonjwa tu. Waya mwafaka ni wa nyuzi nyingi zilizopakwa bati. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene ni wa bei nafuu na unapatikana kila duka, lakini mtetemo wa injini huuvunja ndani ya ganda lake, na hitilafu ya waya uliovunjika ndani ni ya kutesa kuitafuta: inakuja na kuondoka kwa kadiri ya wimbi.

Bana vichwa vya waya kwa koleo lake maalumu, si kwa koleo la kawaida. Kisha funika kwa mpira unaosinyaa kwa moto, ule wenye gundi ndani. Ukiupasha hadi gundi ichomoze kidogo kwenye ncha zote mbili, maji hayaingii. Kuchomea risasi peke yake hakutoshi kwenye boti, kwa sababu waya unakuwa mgumu pale risasi inapoishia na unakatikia hapo hapo. Utepe mweusi wa umeme hulainika kwa joto la mchana, hujifungua na kuhifadhi maji. Tena, kila waya unaoingia kwenye kifaa ushuke kwanza chini ya tundu lake kisha upande, ili tone la maji lidondoke kabla ya kufika ndani. Jambo hili halina gharama yoyote, na boti nyingi halimo.

Kuna ugonjwa mwingine wa umeme usiohusu kutu. Unapowasha injini, kioo cha GPS kinazimika na kuwaka upya. Starta huvuta mamia ya ampea na kuishusha betri hadi volti 9 au 10 kwa sekunde moja mbili. Dawa ni betri mbili, ya injini na ya vifaa, zikiunganishwa na relei inayosikiliza volti, inayoziunganisha karibu 13.3 wakati wa kuchaji na kuzitenganisha karibu 12.8. Ukiona vifaa vinazimika ingawa una betri mbili, kagua relei hiyo. Huenda imeganda ikiwa imeziunganisha.

Redio isiyosikika, na antena

Ukishauondoa umeme kwenye orodha ya washukiwa, kuna jaribio la haraka. Tuma kwa wati 1 kwa boti iliyo karibu, kisha kwa wati 25. Redio ikizimika kwenye 25 na kudumu kwenye 1, rudi kwenye umeme. Isipozimika popote lakini wa mbali hawakusikii, tatizo ni antena au kebo yake.

Fungua kichwa cha kebo nyuma ya redio na kile cha chini ya antena. Kichwa kinachotumika ni PL-259, na kwa asili yake hakizuii maji. Tazama ile sindano ya katikati na nyuzi za nje, yaani ngao. Tone la maji ya kijani likitoka, kebo imekunywa, na kubadilisha kichwa pekee hakusaidii. Maji yamesafiri kati ya nyuzi za ngao kama yalivyosafiri kwenye waya wa umeme. Kwa mita, fungua pande zote mbili za kebo. Kati ya sindano na ngao kusiwe na njia kabisa. Kisha unganisha sindano na ngao kwa kipande cha waya upande mmoja, upime upande wa pili. Upate chini ya omu 1. Kumbuka kufanya hivi kebo ikiwa imetengwa na antena, kwani antena nyingi za baharini zimeunganishwa ndani kwa makusudi na mita itakuonyesha shoti isiyokuwepo.

Unene wa kebo nao una neno lake. RG-58, ile nyembamba ya milimita 5, hupoteza karibu desibeli 3 kwa mita 15 kwenye masafa ya VHF. Desibeli 3 ni nusu: kati ya wati 25 zako, 12 hivi ndizo zinazofika kwenye antena. RG-213 ya milimita 10 ingefikisha karibu 18. Kwa boti ndogo yenye kebo ya mita 5 tofauti hiyo si kubwa, lakini kwa mlingoti wa jahazi ni jambo la kufikiria. Fundi mwenye mita ya SWR, inayoonyesha nguvu inayorudishwa na antena badala ya kutoka, atakumalizia ubishi: 1.5 na chini yake ni nzuri, ukivuka 2 tafuta kasoro. Kichwa kikishafungwa, kizungushie utepe wa mpira unaojishika wenyewe, ukiuvuta hadi urefuke mara mbili, kuanzia chini kwenda juu ili tabaka zipandane kama makuti ya paa.

Taa za LED ni adui asiyeshukiwa. Mwaka 2018 walinzi wa pwani wa Marekani walitoa tahadhari ya usalama kwamba baadhi ya taa hizi zinavuruga VHF na AIS (kifaa kinachowatangazia wengine boti ni ipi na iko wapi), kwa kuwa saketi yake ya kurekebisha volti inatoa mawimbi. Kulijaribu ni rahisi. Zima taa zote, weka redio kwenye chaneli tulivu, zungusha skwelchi, kile kirungu cha kunyamazisha mvumo, hadi mvumo ukome tu, usipite hapo. Washa taa moja moja. Redio ikianza kuvuma taa fulani ilipowaka, umempata mhalifu. Jaribu hivyo hivyo kwa kidhibiti cha sola, inveta na chaja za USB. Pete ya feraiti kwenye waya hupunguza, lakini kuitoa taa hiyo na kununua nyingine kunamaliza kabisa.

Kwa AIS, hakikisha namba ya MMSI, kitambulisho cha boti hewani, ni yako. Ina tarakimu 9, na tatu za mwanzo zinataja nchi: 674 au 677 kwa Tanzania, 634 kwa Kenya. Kifaa cha daraja B hutuma kila sekunde 30 ukipita fundo 2, na kila dakika 3 ukiwa umetulia, kwa hiyo usikimbilie kusema hakifanyi kazi kabla dakika hizo hazijapita ukiwa nanga. Ukitaka AIS na VHF zitumie antena moja, nunua kigawanyi kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Kiungio cha T cha kawaida kitapeleka wati 25 za redio moja kwa moja ndani ya AIS na kuiunguza.

Na ile redio yenye kitufe chekundu cha dharura? Kitufe hicho hutuma mahali ulipo ikiwa redio inajua mahali ulipo. Tazama kioo sasa hivi. Kama hakuna latitudo na longitudo, GPS haijaunganishwa, na watakaokutafuta hawatakuwa na pa kuanzia. Hii ndiyo kasoro ningetaka irekebishwe leo kabla ya nyingine zote.

Vifaa visivyoelewana

Vifaa vya boti hupeana data kwa mfumo uitwao NMEA. Boti nyingi za zamani zinatumia NMEA 0183, waya mbili za kusema na mbili za kusikia. Makosa ni mawili: waya wa kusema umefungwa kwenye waya wa kusema wa mwenzake, au kasi hazilingani. GPS na vipima kina huongea kwa biti 4800 kwa sekunde, AIS kwa 38400. Weka kasi sawa pande zote mbili, basi.

NMEA 2000 ni kebo kuu moja yenye matawi, na ina kipimo kizuri kuliko vyote kwenye boti. Zima umeme wa mtandao. Kwenye kichwa chochote, pima ukinzani kati ya waya mweupe na wa bluu. Upate omu 60, kwa sababu kila ncha ya kebo kuu inatakiwa kuwa na kizibo chenye omu 120, na viwili sambamba ni 60. Ukisoma 120, kizibo kimoja hakipo au kebo imekatika katikati. Ukisoma 40, mtu ameongeza cha tatu. Ukisoma karibu na sifuri kuna shoti, na hapo tenga kebo katikati, upime kila nusu, kisha nusu ya nusu yenye shoti, hadi ubaki na kichwa kimoja. Kila tawi lisizidi mita 6. Umeme uingie mahali pamoja tu.

Intaneti

Alama za Wi-Fi kwenye simu yako zinaonyesha safari ya kutoka simu hadi ruta, mita tatu. Hazisemi lolote kuhusu ruta na mnara. Gawa njia vipande, ukivijaribu kwa programu yoyote ya ping, inayotuma ujumbe mdogo kwa anwani na kusubiri jibu. Kwanza anwani ya ruta, mara nyingi 192.168.8.1 au 192.168.1.1. Isipojibu, tatizo ni Wi-Fi au umeme wa ruta. Kibanda cha alumini hufunga mawimbi, ubao na faiba haviyafungi. Ikijibu, jaribu 8.8.8.8, anwani ya Google iliyo nje kwenye intaneti. Isipojibu, shida iko kati ya ruta na mnara, au bando limeisha: toa laini, iweke kwenye simu, uone. Ikijibu lakini tovuti kwa jina haifunguki, DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, ndiyo mbovu; andika 1.1.1.1 kwenye mpangilio wa ruta.

Ruta za nyumbani hujiwasha upya kila mara kwenye boti kwa sababu zinataka volti 12 kamili, na boti inazipa 11.5 hadi 14.4. Weka kibadilisha volti kinachopokea 9 hadi 36 na kutoa 12 bila kuyumba. Kuiendesha kwa inveta ni kuwasha mashine inayokula wati kadhaa bure ili kugeuza 12 kuwa 230 na chaja iirudishe 12.

Ukitoka pwani, ukuta wa kwanza ni mviringo wa dunia. Chukua kipeuo cha pili cha kimo cha antena yako kwa mita, jumlisha na kipeuo cha pili cha kimo cha mnara, zidisha kwa 4.12, jibu ni kilomita. Mnara wa mita 40 na antena ya mita 3 vinaonana kwa kilomita 33. Pandisha antena hadi mita 9, unapata 38. Ukuta wa pili ni nguvu ya kutuma. Mnara unatuma kwa makumi ya wati, ruta yako kwa wati 0.2. Ndiyo sababu ya ile hali inayowachanganya wageni wa boti: alama zipo, kurasa zinafunguka, lakini picha hazipandi. Mnara unasikika, wewe husikiki.

Fungua ukurasa wa ruta uangalie namba mbili. RSRP ni nguvu ya mawimbi: -85 ni nzuri, -105 dhaifu, -120 uko ukingoni. SINR ni usafi wake: juu ya 13 ni nzuri, chini ya sifuri ni fujo. Katikati ya mkondo kati ya Bagamoyo na Unguja unaweza kuwa na RSRP ya kuridhisha na SINR mbovu, kwa sababu hakuna kilima wala jengo la kuzuia na ruta inasikia minara ya pande zote mbili kwa pamoja. Hapo ilazimishe ruta ibaki kwenye masafa mamoja, ukianza na ya chini kama megahezi 800 au 900 ambayo hufika mbali zaidi. Karibu na mpaka, Wasini na Vanga upande mmoja, Pemba na Tanga upande wa pili, zima rominga na uchague mtandao kwa mkono. Laini ya Kenya iliyoshika mnara wa Tanzania humaliza salio kimyakimya.

Antena ya nje iwe ya kuzunguka pande zote. Ile ya kuelekeza upande mmoja haifai kwa boti inayozunguka nanga. Kebo nyembamba ya antena hupoteza zaidi ya desibeli 1 kila mita kwenye 1800, kwa hiyo kebo ya mita 10 inaweza kukuacha pabaya kuliko ulivyokuwa bila antena. Bora upandishe ruta yenyewe ndani ya sanduku lisiloingiza maji, karibu na antena, na kushusha kebo ya mtandao na waya wa umeme. Tazama pia vichwa: SMA na RP-SMA vinafungana vizuri kwa uzi, lakini kimoja hakina sindano, na vikikutana tundu kwa tundu hakuna kinachopita.

Starlink, intaneti ya setilaiti, ilianza kutoa huduma Kenya Julai 2023, na boti nyingi sasa zinatamani ile Mini, sahani yake ndogo. Inapokea volti 12 hadi 48, na hiyo 12 ndiyo sakafu. Betri ikiwa 12.3 na waya ukipoteza nusu volti, itajiwasha upya bila kukoma na mwenye boti atalaumu setilaiti. Weka kipandisha volti karibu na betri, kitoe 24, na kwa wati 40 utakuwa unapitisha ampea 1.7 tu kwenye waya. Mlingoti ulio mbele ya sahani hukata huduma sekunde chache chache, na programu yake huonyesha kivuli hicho, isogeze. Kabla ya kununua, soma kama kifurushi kinaruhusu matumizi baharini, na uulize mamlaka ya mawasiliano ya nchi yenye maji unayosafiri: TCRA Tanzania, au Communications Authority Kenya.

Halafu piga hesabu ya betri. Mini ikila wati 30 usiku na mchana ni ampea-saa 60. Ruta ya 4G ya wati 8 ni 16. Redio ya VHF ikisikiliza ni 10 hivi. Betri ya maji ya ampea-saa 100 haifai kutumiwa zaidi ya 50. Intaneti iliyokatika alfajiri mara nyingi ni betri iliyolala, na paneli moja ya wati 100 haiwezi kuibeba Mini saa 24.

Kifaa kikizama au kumwagikiwa maji ya bahari, kata umeme papo hapo, kisuuze kwa maji baridi safi hadi chumvi iishe, kisha kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, ukikaushe kivulini siku mbili kabla ya kukipa umeme. Mchele haunyonyi chumvi.

Boti ikiwa nzima, pima volti nyuma ya kila kifaa kikiwa kazini, omu za mtandao wa NMEA, SWR ya antena, na RSRP mahali unapotia nanga kila mara. Andika namba hizo na tarehe, pamoja na mchoro wa waya unaotaja rangi na fyuzi, ubandike ndani ya mfuniko wa sanduku la fyuzi. Ndani ya sanduku hilo ziwepo fyuzi za akiba za kila ukubwa, vichwa vya waya 20, mita 5 za waya wa 2.5 wenye bati, PL-259 mbili, kizibo kimoja cha omu 120, utepe wa kujishika, na betri ya multimita.